Konvata ya PD4655 kwenye motohomu ya zamani: inafaa, ila tenga na hela ya kebo

Ukinunua motohomu (gari lenye nyumba ya kulala ndani) ya Kimarekani ya miaka ya 1980 au 1990, usiku wa kwanza utaisikia konvata kabla hujajua iko wapi. Ni ule mvumo usiokoma, chini ya kitanda au nyuma ya kabati la jikoni. Konvata ndilo kasha linalopokea volti 120 kutoka nje na kutoa volti 12 za taa, pampu ya maji, feni ya hita na kuchaji betri ya nyumba. Kwenye magari ya umri huo mara nyingi utakuta Magnetek ya mfululizo wa 6300, na mara nyingi ndiyo iliyoua betri mbili tatu kabla mwenye gari hajaitilia shaka.

Tunachopima hapa ni PD4655, konvata inayotengenezwa na Progressive Dynamics, kampuni ya Marshall, Michigan, kwa ajili ya kuchukua nafasi ya hiyo ya zamani. Inatoa hadi ampea 55. Kasha la nje linabaki, sakiti breka za volti 120 zilizo sehemu ya juu zinabaki, na kinachotoka ni sehemu ya chini tu: transfoma nzito ya zamani pamoja na ubao wake wa fyuzi. Ipo pia PD4635 ya ampea 35 na PD4645 ya ampea 45, zenye umbo na ufungaji uleule. Kwa kawaida bei ni zaidi ya dola 200, na kazi ya kuifunga ni ya mchana mmoja kwa mtu anayejua kutumia mita na bisibisi.

Hukumu yetu ni kwamba inunue. Lakini ukiiunganisha kwa kebo zilezile za zamani na kuondoka, umenunua nusu ya kitu ulicholipia. Sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu hiyo nusu nyingine.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni konvata

Motohomu ina mifumo mitatu ya umeme inayolala nyumba moja. Wa kwanza ni wa gari lenyewe: betri ya stata, altaneta, taa za barabarani, dashibodi. Wa pili ni wa nyumba, nao ni volti 12 vilevile, ila una betri zake. Wa tatu ni volti 120 kutoka kwenye nguzo ya kambi au jenereta, unaolisha kiyoyozi, maikrowevu na soketi za ukutani. Konvata inaunganisha wa tatu na wa pili. Wa kwanza na wa pili vinaunganishwa na kifaa kingine kabisa, solenoidi (swichi inayofungwa kwa sumaku ya umeme) au kitenganishi cha daiodi, kinachoruhusu altaneta kuchaji betri ya nyumba injini ikiwa inazunguka. Watu wengi hubadilisha konvata kwa kosa la solenoidi, au solenoidi kwa kosa la konvata, kwa sababu dalili inafanana: betri ya nyumba haijai.

Kuzitofautisha ni kazi ya dakika kumi. Chomoa umeme wa nje, zima injini, zima kila kitu, iache betri itulie saa kadhaa, kisha pima kwenye vichwa vyake. Betri ya risasi iliyojaa inaonyesha volti 12.6 hadi 12.7. Ikionyesha 12.2 iko nusu. Ikilala chini ya 12.0 mara kwa mara, inaharibika. Sasa chomeka umeme wa nje. Ikipanda hadi 13 na kitu, konvata inafika kwenye betri, na linalobaki ni kujua inafika kwa nguvu kiasi gani. Isipopanda, tatizo ni konvata au njia iliyo kati yake na betri. Chomoa tena, washa injini, pima palepale. Isipopanda kuzidi 13, basi ni solenoidi, daiodi au kebo ya mbele, na PD4655 haitakusaidia lolote.

Solenoidi yenyewe ina kipimo chake. Injini ikiwa inazunguka, weka ncha za mita kwenye bolti mbili kubwa. Tofauti ikiwa chini ya volti 0.2, ni nzima. Ikifika volti 1, midomo ya ndani imeungua. Ganda lake kuwa la moto ni kawaida, kwa kuwa koili inapata umeme muda wote wa safari. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni mtu kufunga solenoidi ya stata kwa sababu inafanana na ni rahisi kuipata. Ile imetengenezwa kufanya kazi kwa sekunde chache, si kwa saa sita za barabara kuu, na koili yake huungua. Iombwe dukani kwa jina la kazi yake, solenoidi ya kazi ya kudumu.

Kitenganishi cha daiodi kina tabia nyingine: kinakula takriban volti 0.7 njiani. Altaneta ikitoa 14.2, betri inaona 13.5. Hicho hakijaharibika, ndivyo kilivyo, isipokuwa kama altaneta ina waya wa kupimia uliofungwa upande wa betri.

Kwa nini ya zamani inaua betri

Matoleo mengi ya zamani ya Magnetek 6300 yana njia mbili za kutoa umeme. Njia kubwa inalisha taa na pampu moja kwa moja, na njia ndogo ya ampea chache tu ndiyo inayochaji betri. Umeme wa nje ukiingia, rilei ya ndani inahamisha mizigo kutoka kwenye betri kwenda kwenye transfoma, na ule mlio wa "tak" unaousikia ukichomeka plagi ndio huo. Betri ya ampea-saa 100 iliyotumika nusu inahitaji kurudishiwa ampea-saa 50 na ziada. Kwa ampea 5, tena zikiwa kamili, ni saa zaidi ya kumi. Kwa jenereta hiyo si kazi ya kufanya.

Ubaya wa pili unakuja betri ikishajaa. Volti inakaa mahali pamoja, karibu na 13.8, wiki baada ya wiki gari likiwa limeegeshwa na kuchomekwa. Maji ya betri yanachemka polepole, sahani zinabaki wazi, na mwenye gari anafungua vifuniko vya seli baada ya miezi mitatu na kukuta zimekauka. Analaumu betri, ananunua nyingine, na konvata ileile inaikaanga tena.

La tatu ni ubora wa umeme wenyewe. Njia kubwa ya konvata hizo haijachujwa vizuri. Balbu za zamani za nyuzi hazikujali. Ukibadilisha taa zote kuwa za LED, zitapepesa, nyingine zitakufa mapema, na bodi za kielektroniki za friji na vihisi vya gesi vitaanza kufanya vituko visivyoeleweka.

Mpya inafanya nini

PD4655 haina transfoma nzito wala ule mvumo. Ndani yake kuna kidhibiti kinachoitwa Charge Wizard kinachobadilisha volti kulingana na hali ya betri. Betri ikiwa chini, inapandisha hadi 14.4 ili iijaze haraka. Ikikaribia kujaa na kukiwa na matumizi ya kawaida, inashuka hadi 13.6. Gari likikaa bila matumizi ya maana kwa zaidi ya siku moja, inashuka hadi 13.2, volti inayotosha kuishikilia betri bila kuikausha. Ikiwa katika hali hiyo ya 13.2, kila baada ya takriban saa 21 inainua volti hadi 14.4 kwa dakika 15, ili asidi isijitenge na sahani zisijenge ugumu. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayookoa betri za gari linalolala miezi mitano ya baridi likiwa limechomekwa uani.

Kuna taa ndogo inayoonyesha iko hatua gani, na kitufe cha kuibadilisha kwa mkono. Taa ni msaada, ila mita ndiyo shahidi. Pima kwenye vichwa vya betri, si kwenye konvata. Kwa nini, tutafika.

Kuhusu ukubwa wa kununua, usikimbilie 55 kwa sababu ndiyo kubwa. Betri ya risasi yenye maji hupokea vizuri takriban robo ya ukubwa wake. Ukiwa na betri moja ya ampea-saa 90 au 100, ampea 55 itaipata kwa dakika chache tu za mwanzo, na PD4635 ingekutosha. Ukiwa na betri mbili, au jozi ya betri za volti 6 za gari la gofu zenye takriban ampea-saa 220, hapo 55 inapata kazi. Wenye betri za lithium wasichukue hii ya kawaida. Lipo toleo la lithium linalofika volti 14.6 bila hatua za kushuka, na kuchanganya matoleo ni kupoteza hela upande mmoja au mwingine.

Rangi za nyaya: hapa ndipo watu wanapoumia

Katika umeme wa nyumba wa motohomu nyingi za Kimarekani, waya mweusi wa volti 12 ni chanya na mweupe ni hasi. Fundi aliyezoea magari, ambaye kwake mweusi ni hasi siku zote, atafunga kinyume bila kusita. Na upande wa volti 120 wa kasha hilohilo, mweusi ni laivu na mweupe ni nyutro. Kwa hiyo ndani ya boksi moja una nyaya nyeusi za aina mbili na nyeupe za aina mbili, na tofauti yake ni kati ya cheche na kifo. Kwenye Magnetek nyingi, chanya ya betri ni waya mwekundu na mizigo ni waya wa bluu, lakini gari la miaka 35 limepitiwa na mikono mingi. Usiamini rangi. Pima kila waya kabla ya kuukata, na uufunge tepu yenye maandishi.

Ukigeuza chanya na hasi za betri, fyuzi za kinga zilizo kwenye konvata zitaungua papo hapo. Konvata itaonekana imekufa, na watu huirudisha dukani. Angalia fyuzi hizo kwanza. Ziko kwa ajili ya kosa hilohilo.

Jambo jingine halina msamaha. Nyutro ya volti 120 ndani ya motohomu haigusi bodi ya gari. Inaungana na ethi huko nje tu, kwenye paneli kuu inayolisha nguzo ya kambi au kwenye jenereta inapotumika. Hasi ya volti 12, kinyume chake, inaunganishwa na chesisi makusudi. Mtu akichukua waya mweupe wa hasi akaufunga kwenye baa ya nyutro kwa kuwa "nyeupe ni nyeupe", ameiunganisha nyutro na bati lote la gari. Siku atakapochomeka kwenye soketi iliyogeuzwa laivu na nyutro, na ethi yake imekatika, anayegusa mlango amesimama kwenye nyasi zenye umande atapigwa na volti 120. Ukimaliza kazi, plagi ikiwa imechomolewa na jenereta imezimwa, weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye baa ya nyutro, nyingine kwenye kasha. Isionyeshe muunganiko wowote.

Kufunga

Chomoa umeme wa nje. Zima jenereta, na swichi yake ya kujiwasha uifunge. Toa hasi ya betri ya nyumba. Kama kuna paneli ya sola, itenganishe nayo, kwa maana sola haijui kwamba umezima kila kitu. Piga picha za kasha kabla ya kugusa, kwa mwanga wa kutosha, kutoka pembe tatu.

Upande wa volti 120 nyaya ni tatu tu: mweusi kwenda kwenye breka ya ampea 15 au 20, mweupe kwenye baa ya nyutro, kijani au mtupu kwenye baa ya ethi. Fungua, vuta sehemu ya chini nzima. Ni nzito kuliko unavyodhani, na ikidondoka itakata nyaya za nyuma, kwa hiyo weka kitambaa chini. Mpya inakaa kwenye matundu yaleyale ya skrubu, na tofauti ya uzito peke yake itakuonyesha teknolojia ilikotoka.

Ubao wa fyuzi ndio unaochukua muda. Wa zamani una fyuzi za kioo, mpya una fyuzi za kubana zenye miguu miwili, zilezile za magari ya leo. Usihamishe ukubwa wa fyuzi kwa kunakili. Mtu wa mwaka 1994 huenda aliweka ya ampea 30 palipotakiwa 15 kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo mfukoni. Angalia unene wa waya kwa namba za Kimarekani (AWG), ambazo zikiwa kubwa waya ni mwembamba: namba 14 ni ampea 15, namba 12 ni 20, namba 10 ni 30.

Angalia vilevile vishikio vya fyuzi za kioo unapovitoa, ujue gari lilikuwa likipitia nini. Kishikio kilichopata joto kina plastiki ya rangi ya chai ya maziwa pale ilipokuwa nyeupe, na kibanio chake cha shaba kimelegea, hakina mkazo tena. Fyuzi yenyewe ukiishika kwenye mwanga, waya wa ndani mzima. Ukiipima kwa omu inapita. Lakini risasi inayoshikilia kifuniko cha mwisho imeyeyuka kidogo, na ukikizungusha kwa kidole kinacheza. Fyuzi ya aina hiyo inapitisha mita na inashindwa pampu. Sakiti yenye dalili hiyo isirudishwe kazini mpaka ujue mzigo wake unakula ampea ngapi.

Usisahau waya wa shaba mtupu wa namba 8 kutoka kwenye kasha la konvata hadi chesisi. Mara nyingi upo, ila bolti yake imeshika kutu mpaka hauna maana. Safisha kwa msasa mpaka bati ling'ae, kaza, paka grisi juu.

Mwisho, kabla ya kurudisha betri, chomeka umeme wa nje na upime vichwa vya konvata. Utakuta karibu 13.6, au mojawapo ya volti zake nyingine mbili. Ukipata sifuri, rudi kwenye breka na fyuzi za kinga.

Kebo

Hapa ndipo pesa inapopotelea. Katika motohomu nyingi, konvata iko nyuma au katikati na betri ziko kwenye ngazi ya mlango au chini ya boneti. Tuseme ni mita 4. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 8 za waya. Kwa ampea 50 kupitia kebo ya namba 8, ambayo ni takriban milimita za mraba 8.4, unapoteza volti 0.82 njiani. Kwa namba 6, milimita za mraba 13.3, ni volti 0.52. Kwa namba 4, milimita za mraba 21, ni 0.33.

Zigeuze namba hizo ziwe maisha. Konvata inatoa 14.4, betri kwenye kebo ya namba 8 inaona chini ya 13.6. Chaja inapima volti kwenye vichwa vyake yenyewe, haijui kinachotokea mbele. Inaona volti nzuri, inaamini betri inakaribia kushiba, inashuka. Betri inabaki na njaa. Kadiri ampea zinavyopungua hasara nayo inapungua, kwa hiyo hatimaye itajaa, lakini zile saa mbili za jenereta ulizokuwa unazitegemea zinageuka tano. Huo ndio msingi wa malalamiko mengi kwamba "konvata mpya haina tofauti na ya zamani". Konvata ni nzima, kebo ni ya chaja ya ampea 5.

Ushauri wetu ni namba 4 kwa chanya na namba 4 kwa hasi, kebo mbili kamili kutoka konvata hadi betri. Usitegemee chesisi irudishe umeme. Chuma kinapitisha vizuri kikiwa kipya, lakini njia ya chesisi ina maungio manne au matano, na kila moja lina kutu lake. Vichwa vya kebo vibanwe kwa koleo la kazi hiyo, si kwa nyundo, na vivalishwe plastiki ya kusinyaa kwa moto yenye gundi.

Kipimo cha kujua hasi ikoje: washa taa zote na feni ya hita, konvata ikiwa inachaji betri iliyoshuka. Ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye hasi ya konvata. Chini ya volti 0.2 hakuna shida. Ikifika 0.5 una ungio bovu, na utalipata kwa kupima kipande kwa kipande.

Halafu kuna kitu kidogo kinachosumbua kuliko vyote. Karibu na betri, kwenye bati la mbele, tafuta kijiboksi cha chuma chenye bolti mbili, kimefunikwa vumbi. Hiyo ni breka inayojirudisha yenyewe, na kwenye magari mengi ni ya ampea 30, maana ilitosha kwa konvata ya zamani. Kwa PD4655 itakata, itapoa, itarudi, itakata tena, usiku kucha, bila taa yoyote kukuambia. Ukiona volti ya betri inapanda na kushuka kila dakika moja au mbili wakati wa kuchaji, ni hiyo. Badilisha iwe fyuzi au breka ya ampea 60, lakini baada ya kubadilisha kebo. Ampea 60 juu ya kebo ya namba 8 ya zamani ni kuni zinazosubiri kiberiti.

Tusichokipenda

Feni. Inapokuwa kwenye ampea nyingi ina sauti ya kikausha nywele kilicho chumba cha pili, na kwa kuwa kasha lipo chini ya kitanda, anayelala ataisikia. Inatulia betri ikijaa. Usizibe matundu yake kwa mablanketi ili kupunguza kelele, kwa sababu joto likizidi inapunguza utoaji na kuchaji kunakuwa kwa muda mrefu zaidi.

Haina kihisi cha joto la betri. Kwenye baridi kali betri inataka volti zaidi, kwenye joto la Arizona inataka pungufu, na hii inatoa 14.4 ileile. Kwenye joto, kagua maji kila mwezi.

Inakula takriban wati 1000 ikiwa kwenye nguvu zote, yaani ampea 8 na zaidi za umeme wa nje. Ukiwa umechomeka kwenye soketi ya nyumbani ya ampea 15, hapo hakuna nafasi ya maikrowevu. Jenereta ndogo ya wati 2000 inaibeba, ila zima hita ya maji ya umeme kwanza.

Yasiyo kazi yake

Hita ya gesi inayozungusha feni bila kuwaka moto hulaumiwa gesi. Mara nyingi ni volti. Ndani yake kuna swichi ya upepo inayofungwa na kasi ya feni. Betri ikishuka hadi karibu na volti 11, feni inazunguka kivivu, swichi haifungi, moto hauwaki. Konvata na kebo nzuri zinamaliza hilo ukiwa umechomeka. Ukiwa porini, ni betri.

Soketi ya nje ya ampea 30 ni balaa jingine kabisa. Plagi ya TT-30 ya motohomu ina miguu miwili iliyolala mshazari na mmoja wa duara, na inatumia volti 120. Mafundi wa majumbani wakiiona wanadhani ni ya mashine ya kukausha nguo na wanaipa volti 240. Ukichomeka hapo, konvata, maikrowevu na kiyoyozi vinakufa ndani ya sekunde, na hakuna konvata ya kawaida itakayovumilia. Soketi mpya iliyofungwa uani kwako ipimwe kabla ya kuchomeka chochote: kati ya matundu mawili bapa pawe na volti 120.

Kwa sababu hiyohiyo, aliye Mombasa au Dar es Salaam na gari la Kimarekani lililokuja kwa meli asilichomeke kwenye umeme wa nyumbani. Zaidi ya volti 130 kifaa hiki kiko nje ya mipaka yake, na ukutani kuna 230 hadi 240. Ama transfoma ya kushusha yenye uwezo wa mzigo wote, ama chaja ya volti 230 kwa upande wa betri peke yake.

Kazi ikishaisha, shusha betri hadi karibu 12.2 usiku mmoja, asubuhi chomeka, na baada ya dakika 20 upime sehemu mbili kwa wakati mmoja iwezekanavyo: vichwa vya konvata, kisha vichwa vya betri. Andika namba zote mbili kwa kalamu ya wino mzito kwenye tepu nyeupe ndani ya mlango wa kasha, pamoja na tarehe. Pengo likiwa chini ya volti 0.4, umefunga vizuri. Mwakani rudia kipimo hichohicho. Pengo likiwa limekua, kuna ungio linaloanza kushika kutu, na utaanza kulitafuta kwenye hasi.